Feni Inayonguruma Mwisho Wake ni Kuzimwa

Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuyasikia, na wale wanaopenda kuyasoma tena kwa utulivu.



Juma hili nawaombeni tuzungumze juu ya chombo kidogo ambacho wengi hukinunua kwa haraka na kukifunga kwa haraka zaidi. Chombo hicho ni feni ya kutolea hewa. Sisemi pangaboi la sebuleni, wala feni ya mezani inayopepea wageni. Nasema ile feni ndogo inayofungwa kwenye sanduku la kuoteshea uyoga, ndani ya nyumba, hapa hapa mjini.

Sababu ya watu wa mjini kuotesha uyoga ndani ya nyumba inaeleweka. Shamba hakuna, na uwanja wa nyumba umekwisha kwa kamba za nguo na mapipa ya maji. Lakini uyoga, hasa ule aina ya mamama, hauhitaji ekari. Unahitaji mifuko iliyojazwa majani makavu ya mpunga au maranda ya mbao, yaliyochemshwa kwanza ili kuua vijidudu, kisha yakachanganywa na mbegu. Mifuko hiyo hukaa gizani mpaka utando mweupe uienee yote, halafu hutundikwa mahali penye kivuli na unyevunyevu ili uyoga uchomoze. Mahali hapo panaweza kuwa sanduku la plaiwudi lenye ukubwa wa kabati la nguo, limesimama kwenye kona ya ukumbi au ya stoo.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Mtu amejenga sanduku lake vizuri, ameambiwa kwamba uyoga unataka hewa, akanunua feni, akatoboa tundu, akaikaza feni kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye ubao. Mchana hakuna anayeisikia, maana mjini mchana kila kitu kinapiga kelele. Usiku, magari yanapopungua na redio zinapozimwa, sanduku lote linanguruma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Usiku wa kwanza watu wa nyumbani wanavumilia. Usiku wa pili jirani anagonga ukuta. Usiku wa tatu mwenye feni ananyoosha mkono gizani na kuizima, akisema ataiwasha asubuhi. Siku chache baadaye uyoga unatoka na miguu mirefu kama njiti na vichwa vidogo kama vifungo vya shati, na anayelaumiwa ni muuza mbegu.

Neno langu la leo ni moja. Feni inayopiga kelele ni feni itakayozimwa, na feni iliyozimwa ni sawa na feni ambayo haikununuliwa. Kwa hiyo kuinyamazisha feni si anasa ya watu wenye nafasi, wala si urembo wa kuongezwa mwishoni. Ni sehemu ya kazi yenyewe ya kuleta hewa, na ifikiriwe kabla tundu halijatobolewa.

Kwanza tuelezane kwa nini hewa ni jambo kubwa hivyo. Uyoga si mmea. Mmea wa kijani, ukipata mwanga, huchukua hewa ukaa na kutoa oksijeni. Uyoga hufanya kama tufanyavyo sisi: huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, usiku na mchana, bila kupumzika. Hewa ya nje ina hewa ukaa kidogo sana, sehemu zaidi kidogo ya 420 katika kila sehemu milioni moja. Uyoga wa mamama, wakati wa kuchomoza, hupenda kiasi hicho kisipande sana kupita sehemu 1,000. Ndani ya sanduku lililofungwa kiasi hicho hupitwa upesi. Uyoga ukihisi hewa nzito, hujifanya kama bado uko chini ya gogo: hurefusha mguu kuitafuta hewa safi, na hauhangaiki kutanua kofia. Kofia ndiyo tunayoila na ndiyo inayouzwa.

Jambo la pili linahusu vifua vya watu. Uyoga wa mamama ukikomaa humwaga spora, yaani vimbegu vidogo mno mfano wa unga, kwa wingi wa kushangaza. Mtu anayevuta unga huo siku baada ya siku anaweza kupata ugonjwa wa mapafu unaofahamika miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya uyoga duniani: kikohozi kikavu, kifua kubana, na homa inayokuja saa kadhaa baada ya kuwa karibu na uyoga. Ndiyo maana sanduku la uyoga halikai katika chumba wanacholala watoto, na ndiyo maana feni yake lazima itoe hewa nje ya nyumba, si kuizungusha ukumbini. Feni ikizimwa usiku, unga ule hupenya kwenye nyufa za sanduku na kubaki ndani na watu waliolala. Kwa hiyo mzizi wa jambo hili ni usalama wa nyumba, na mazao yanafuata nyuma.

Je, inatakiwa hewa kiasi gani? Hapa wengi hukosea kwa kununua nguvu isiyohitajika. Tuchukue sanduku lenye upana wa mita 1, kina cha mita 1 na urefu wa mita 2. Ndani yake mna mita 2 za ujazo za hewa. Tukisema hewa hiyo ibadilishwe yote mara 6 kwa saa, ambacho ni kiasi cha kufaa kwa mamama, tunahitaji mita 12 za ujazo kwa saa. Feni ya kawaida ya kompyuta ya mezani, ile ya mraba wa milimita 120, ikiwa haina kizuizi mbele wala nyuma, husukuma zaidi ya mita 60 za ujazo kwa saa. Hata tukitoa kinachopotea kwenye wavu na kwenye bomba, bado feni hiyo ina nguvu ya ziada. Na ziada hiyo haina faida kwa uyoga. Upepo mwingi huukausha, kofia zikapasuka ukingoni. Lakini ziada hiyo ni mali kwa mtu anayetaka kimya, kwa sababu inamruhusu kuizungusha feni polepole.

Sasa tuje kwenye kelele yenyewe. Kelele ya feni ina vyanzo vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Anayetumia dawa ya kimoja kutibu kingine hupoteza fedha.

Chanzo cha kwanza ni mapanga yanayokata hewa. Chanzo cha pili ni mtetemo wa feni unaoingia katika ubao. Chanzo cha tatu ni mota na beringi zake.

Tuanze na mapanga. Kila mwenye pangaboi nyumbani analijua somo hili. Kwenye namba moja pangaboi halisikiki. Kwenye namba tano linavuma mpaka mazungumzo yanakatika. Kelele haipandi sawasawa na kasi, bali hupanda kwa kuruka. Mafundi wa feni wanayo kanuni: kasi ikipunguzwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua nusu, umeme unaoliwa na mapanga hupungua hadi sehemu moja ya nane, na kelele hushuka kwa kadiri ya desibeli 15.

Hapa nieleze hizo desibeli, maana hazihesabiwi kama shilingi. Jina la kipimo hiki limetokana na Alexander Graham Bell, mtu wa simu, aliyezaliwa mwaka 1847 na kufariki mwaka 1922. Feni mbili zenye desibeli 40 kila moja, zikiwashwa pamoja, hazifanyi 80 bali 43. Na kelele ikishuka kwa desibeli 10, masikio ya watu walio wengi huisikia kama imepungua nusu. Kwa hiyo kushuka kwa desibeli 15 si jambo dogo. Ni tofauti kati ya kelele inayomwamsha mtu na ile asiyoisikia akishafumba macho.

Kutokana na hayo, ushauri wa kwanza ni huu: nunua feni kubwa, uizungushe polepole. Feni ya milimita 120 ikilinganishwa na ya milimita 80 yenye umbo lile lile, husukuma hewa ile ile kwa chini ya theluthi moja ya kasi. Mwenye kununua ndogo kwa kuona ni rahisi hulazimika kuikimbiza, nayo humlipa kwa mlio mwembamba wa kukera. Ila kubwa inayokwenda taratibu ina udhaifu wake: haina msukumo mkubwa. Ukiiwekea bomba jembamba au wavu mzito itazunguka bure. Tutalirudia jambo hilo punde.

Kuipunguza kasi feni ya kompyuta ni rahisi, kwa kuwa hutumia volti 12 za betri. Madukani kuna adapta zenye swichi ya kuchagua volti: 12, 9, 7.5, 6 na kuendelea chini. Anza na 9, kisha jaribu 7.5. Lakini zingatia jambo moja ambalo hapa kwetu ni la lazima. Umeme hukatika. Feni ambayo inazunguka vizuri kwenye volti 6 kwa sababu ilikuwa inazunguka tayari, huenda isiweze kuanza yenyewe umeme ukirudi saa nane ya usiku. Kwa hiyo, kabla ya kuamua, izime feni mpaka isimame kabisa, iwashe tena, na urudie mara kumi. Volti ya chini kabisa ambayo feni inaanza nayo mara zote kumi bila kusita, ongeza hatua moja juu yake. Hiyo ndiyo volti yako. Na gharama isikutishe: feni ya volti 12 yenye kuandikwa ampia 0.2 hula wati zisizofika 3. Ikizunguka mwezi mzima bila kupumzika haimalizi yuniti mbili za umeme.

Wako watakaotumia feni za umeme wa nyumba, zile za jikoni na za choo. Hizo zifungwe na fundi wa umeme mwenye ujuzi, kwa sababu sanduku la uyoga ni mahali penye maji, na maji na volti 230 havikai nyumba moja kwa amani. Aidha, msizipunguze kasi kwa kile kitasa cha kufifisha taa. Mota nyingi za feni hizo hazikipendi. Hutoa mvumo mpya na kupata joto. Kwa hizo tumieni kidhibiti kilichotengenezwa kwa ajili ya feni.

Tuje kwenye chanzo cha pili, yaani mtetemo. Hiki ndicho kinachowadanganya watu wengi, kwa sababu feni ikishikwa mkononi haisikiki, ila ikifungwa kwenye sanduku inanguruma. Mtu hurudi dukani kuibadilisha, akapewa nyingine, nayo ikanguruma vile vile.

Aliyewahi kuona gambusi au udi katika kikundi cha taarabu anaweza kulielewa hili bila kusoma fizikia. Uzi peke yake, uliokazwa hewani, hausikiki hata hatua tatu. Uzi huo huo ukikazwa juu ya kisanduku cha mbao, ukumbi mzima unasikia. Uzi haukuongezewa nguvu. Ulipewa ubao mpana wa kutetemesha, na ubao mpana ndio unaosukuma hewa hadi kwenye masikio ya watu. Sanduku la plaiwudi lenye kuta pana na nyembamba ni gambusi kubwa, na feni iliyokazwa kwa skrubu ni uzi. Feni inayozunguka mara 1,200 kwa dakika inaupiga ubao huo mara 20 kila sekunde kwa mzunguko wake, na mapanga yake 7 yanaongeza mapigo 140 kwa sekunde. Sanduku likisimama juu ya sakafu tupu na kuegemea ukuta wa kupangia, basi hata ukuta wa jirani unakuwa sehemu ya chombo.

Dawa yake ni kuitenga feni na ubao. Na vifaa vyake havihitaji kuagizwa ng'ambo. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate vipande vyembamba vya upana wa nusu sentimita hivi. Tengeneza fremu ya mbao ambayo tundu lake ni kubwa kuliko feni kwa sentimita tatu kila upande. Pitisha mpira katika kila tundu la skrubu kwenye pembe nne za feni, na uifunge kwenye pembe nne za fremu, feni ibaki inaning'inia katikati bila kugusa mbao popote. Mpira usikazwe kama kamba za kitanda. Mpira uliokazwa sana hupitisha mtetemo karibu sawa na skrubu. Uache kiasi kwamba ukiisukuma feni kwa kidole itapepea taratibu kama bembea na kurudi mahali pake.

Sasa pamebaki uwazi kuizunguka feni, na hewa ni mvivu: ikipata njia fupi, haitaipita ndefu. Itatoka mbele ya feni, izunguke pembeni na kurudi nyuma, nawe utadhani feni inafanya kazi. Uwazi huo uzibwe, lakini si kwa kitu kigumu. Kipande cha tyubu ya gari au turubai laini, kilichovikwa kama soksi kutoka ukingo wa feni hadi ukingo wa fremu, kikiwa na mikunjo na kulegea, kitazuia hewa bila kupitisha mtetemo. Angalieni na waya pia. Waya mgumu uliovutwa kwa nguvu kutoka kwenye feni hadi ubaoni hupitisha mtetemo; uacheni ulegee.

Chini ya miguu ya sanduku wekeni vipande vya kandambili zilizochakaa, viwili viwili, na sanduku lisiguse ukuta. Nafasi ya vidole vinne inatosha. Ukuta wa kushirikiana na jirani uepukwe kabisa kama kuna mwingine.

Baada ya hapo tuangalie njia ya hewa, ile niliyoahidi kuirudia. Hewa inayopita kwa shida hupiga kelele, na feni inayokwenda polepole haina nguvu ya kushindana na vizuizi. Tundu la kuingizia hewa liwe chini upande mmoja wa sanduku, na feni iwe juu upande wa pili, ili hewa ikatize katikati ya mifuko yote. Tundu la kuingizia liwe na eneo mara mbili ya lile la feni, kwa sababu lazima livikwe wavu laini wa kuzuia vijinzi, na wavu hula nafasi. Wavu au chuma cha kukinga vidole kisibandikwe karibu na mapanga. Pale ndipo mluzi unapozaliwa. Kipeni umbali wa sentimita sita au zaidi. Bomba la kutolea nje lisipungue upana wa feni yenyewe, lisiwe na kona kali, na kama ni lile la mikunjo, livutwe likanyooka. Na tafadhalini, mdomo wa bomba usielekezwe dirishani kwa jirani. Hewa tuliyoikataa sisi hatuna haki ya kumpelekea yeye.

Anayetaka kimya zaidi anaweza kuongeza kisanduku cha kumeza sauti kati ya feni na nje. Ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa kama mkono, kimevikwa ndani povu la godoro lenye unene wa sentimita 3 hadi 5, hewa ikiingia kwa mbele na kutokea ubavuni, ili sauti isipate njia iliyonyooka. Kila inapogonga povu, sauti hupunguzwa kidogo. Povu liwe lile laini lenye vitundu ambalo unaweza kupuliza pumzi ikapita. Lile jeupe gumu la kufungashia redio na televisheni halimezi sauti. Vivyo hivyo trei za mayai, ambazo watu huzibandika ukutani kwa imani kubwa, hazizuii sauti kupita. Na ikumbukwe kwamba povu humeza vizuri sauti nyembamba. Mngurumo mzito hulipita. Mngurumo dawa yake ni kupunguza kasi na kuning'iniza feni, kama tulivyokwisha kusema. Aidha, povu la godoro hushika moto upesi na kutoa moshi wa hatari, kwa hiyo maungio ya waya yasilale juu yake.

Chanzo cha tatu ni mota na beringi. Hapa hakuna mengi ya kutengeneza, ila kuna ya kuchagua na kutunza. Feni za bei ndogo huzungukia kibomba chenye mafuta kidogo. Huwa kimya zikiwa mpya, lakini mafuta yakikauka huanza kulia kama panya. Zenye beringi za gololi hudumu zaidi, ingawa zina mlio mdogo tangu mwanzo. Katika sanduku la uyoga feni inavuta hewa yenye unyevunyevu na unga wa spora, na unga huo hushikamana kwenye mapanga. Ukishika upande mmoja zaidi ya mwingine, feni hupoteza mizani na kuanza kutikisika. Basi kila baada ya wiki mbili chomoa waya, pangusa mapanga kwa kitambaa chenye unyevu, acha yakauke. Feni ya kibomba ikianza kulia, bandua karatasi iliyo katikati na weka tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula hayafai. Huganda na kuwa gundi.

Wapo watakaouliza: kwa nini basi feni isiwekwe upande wa kuingizia, isukume hewa kavu ndani, iepuke unyevunyevu wote huo? Swali ni zuri, na katika banda lililo nje ya nyumba jibu ni ndiyo. Lakini feni inayosukuma ndani huongeza msukumo ndani ya sanduku, na kila ufa hutoa spora kuelekea ukumbini. Feni inayovuta hufanya kinyume: kila ufa huingiza hewa ya ukumbi ndani ya sanduku, na spora haina njia ila bombani. Ndani ya nyumba ya watu ni afadhali kuchakaza feni kuliko kuchakaza mapafu.

Mwingine atasema: nitaweka saa ya kuiwasha na kuizima, dakika kumi na tano kila saa. Inawezekana, na uyoga unaweza kuvumilia. Lakini sikio la mtu aliyelala huizoea sauti ndogo isiyobadilika, na hushtuka kwa sauti inayoanza na kukoma. Feni inayokwenda polepole usiku kucha humsumbua jirani kidogo kuliko ile inayoamka kila saa.

Na jirani, ndugu zangu, si mtu wa kusahaulika katika hesabu hii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi mzuri. Hapa Tanzania zipo kanuni za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, za kudhibiti kelele na mitetemo. Wenzetu wa Kenya waliweka za kwao mwaka 2009. Tazameni jinsi kanuni zote hizo zilivyotaja kelele na mitetemo pamoja. Waliozitunga walijua kwamba kinachopita ukutani mara nyingi huwa ni mtetemo kwanza, kisha ndipo hugeuka kelele upande wa pili.

Lakini kabla ya kufikia kanuni kuna uungwana. Kipimo cha haki cha feni hakiko dukani, kwa sababu tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa feni ikiwa peke yake, bila sanduku, bila ukuta na bila usiku. Kipimo cha haki ni hiki: ngojeni saa tano za usiku, washeni feni, wekeni kiganja kwenye ubavu wa sanduku. Kiganja kikihisi mtetemo, kazi ya mpira haijakwisha. Kisha nendeni mlangoni kwa jirani, mumwombe kwa adabu asikilize ukutani kwake. Akisema hasikii, kazi imekwisha. Akisema anasikia, ni afadhali aseme siku hiyo, mkiwa bado mnasalimiana, kuliko aseme kwa kugonga ukuta.

Ujirani wa nyumba za kupanga ni mali ambayo haiuzwi dukani, nao huvunjika kwa vitu vidogo: maji yaliyomwagwa koridoni, redio ya alfajiri, feni ya usiku. Mtu anayejitafutia kipato kwa mifuko ishirini ya uyoga anafanya jambo la kusifiwa. Hakuna sababu kipato chake kilipiwe na usingizi wa mama anayenyonyesha chumba cha pili, wala na vifua vya wanawe mwenyewe. Tyubu kuukuu ya baiskeli, kandambili mbili zilizokatika na adapta yenye swichi ya volti havizidi uwezo wa aliyekwisha kununua plaiwudi na mbegu. Kinachotakiwa zaidi ni subira ya siku moja kabla ya kutoboa tundu.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mnapokwenda kununua feni msiulize tu inavuma kiasi gani. Ulizeni kama mtaweza kulala nayo mwaka mzima bila kuizima. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili hata feni yenyewe inawaunga mkono.